Si Aibu Kugeuka: Jinsi Familia za Norwei Zilivyojifunza Kulala Thelujini

Wanorwei husema mtoto wao huzaliwa na ski miguuni. Ukiwatazama wiki ya Pasaka unaweza kuamini. Shule zimefungwa wiki nzima, maofisi yamepoa, na watu wa mjini wamehamia milimani. Baba yuko mbele, anavuta sleji ndogo iliyofungwa kiunoni mwake, na ndani yake amelala mtoto aliyeviringishwa ngozi ya kondoo. Mama anafuata na hema mgongoni. Katikati yupo wa miaka sita, analalamika kwamba miguu inauma na kuuliza chokoleti iko wapi. Usiku watalala kwenye kibanda kisicho na umeme, au hemani, au ndani ya pango walilolichimba wenyewe kwenye theluji, huku nje baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Na hiyo ndiyo likizo yao.

Ila ule msemo una ukweli nusu. Kuteleza kwa ski ni kukongwe huko kaskazini, hilo halina ubishi. Kuna michoro ya miambani ya maelfu ya miaka inayoonyesha watu juu ya ski. Lakini kupanda mlima wakati wa baridi pamoja na watoto, kwa kujifurahisha, ni jambo la juzi. Lilijengwa hatua kwa hatua na chama cha watu wa mjini, na reli, na sheria za likizo na za ardhi, na pia na vifo.

Wenyeji wa mji wa Lillehammer wakiulizwa safari hii ilianza lini, watakurudisha mwaka 1206. Nchi ilikuwa vitani, wenyewe kwa wenyewe. Mfalme alikuwa amefariki kabla mwanawe hajazaliwa, na mtoto huyo, Håkon Håkonsson, sasa alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi na maadui walikuwa wakimwinda. Wapiganaji wawili waliosifika kwa ski, Torstein Skevla na Skjervald Skrukka, walimbeba wakavuka naye milima kuelekea bonde la Østerdalen katikati ya dhoruba. Mtoto alipona, akatawala kuanzia 1217 hadi 1263. Mwaka 1869 Knud Bergslien alichora picha ya safari hiyo ambayo kila Mnorwei anaifahamu: wanaume wawili wenye ndevu, mikuki mikononi, mtoto kifuani. Tangu 1932 yanafanyika mashindano ya ski kwa kumbukumbu yake, na kila mshiriki hubeba mzigo wa kilo 3.5 badala ya yule mtoto.

Simulizi ya kale inasema mama wa mtoto, Inga wa Varteig, alikuwamo kwenye msafara ule. Mchoraji hakumpa nafasi. Na safari yenyewe haikuwa matembezi ya familia. Ilikuwa ni kukimbiza roho.

Kwa karne nyingi baada ya hapo, theluji ilikuwa kazi. Mkulima alivaa ski ili akavute nyasi zilizohifadhiwa malishoni, akatege sungura, akazike maiti au akabatize mtoto kanisani. Kwenda mlimani Februari bila shughuli kungemfanya aonekane ana wazimu. Waliokuwa wakilala thelujini na watoto wao mwaka hadi mwaka walikuwa Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, waliohama na mifugo, mahema ya moto katikati, na vitoto vikiwa vimefungwa ndani ya susu za mbao na ngozi. Ile sleji yenye umbo la mtumbwi ambayo baba wa Oslo anaivuta leo imetokana na sleji ya Wasami iliyovutwa na kulungu. Serikali iliyokuja kuisifia sleji hiyo iliwakataza watoto wa Kisami kuzungumza lugha yao shuleni kwa zaidi ya vizazi viwili. Vitabu vya matembezi havilitaji sana jambo hilo, na ingefaa vilitaje.

Matembezi kama starehe yaliletwa na matajiri. Mwaka 1868 mwenye benki mmoja, Thomas Heftye, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watalii wa ndani, Den Norske Turistforening, ambacho wengi hukiita DNT. Mwaka huohuo chama kilinunua nyumba yake ya kwanza, Krokan, karibu na maporomoko ya Rjukan. Lengo lilikuwa kiangazi, na wateja walikuwa mabwana wenye nafasi. Majira ya baridi yalisubiri mtu mwingine.

Mtu huyo ni Fridtjof Nansen. Mwaka 1888, akiwa na miaka 26, alivuka barafu ya Greenland kwa ski pamoja na wenzake watano, wawili kati yao wakiwa Wasami: Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Aliporudi, ski ikawa alama ya taifa ambalo wakati huo bado lilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi na lilikuwa likitafuta cha kujivunia. Mkewe, Eva, mwimbaji mwenye jina, alitoka naye kwa ski hadharani wakati ambapo mwanamke wa heshima alitarajiwa kukaa karibu na jiko. Naona mchango wa Eva kwa safari za familia si mdogo kuliko wa mumewe. Greenland inavukwa na wachache. Mama anayetoka nje ya mlango hutoka na watoto.

Ilibaki shida ya kufika. Milima mikubwa ilikuwa mbali, na barabara zilifungwa na theluji. Mwaka 1909 reli ya Bergen ikafunguliwa kati ya Oslo, wakati huo ikiitwa Kristiania, na Bergen. Ilipita kwenye uwanda wa juu ambako hapakuwa na mti wala mji, na kituo chake cha juu kabisa, Finse, kiko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Hadi leo hakuna barabara ya magari ya kufika Finse. Unakwenda kwa treni au kwa miguu yako. Mwaka 1914 mvumbuzi Ernest Shackleton alikwenda huko kujaribu sleji za mota kabla ya safari yake ya Antaktika, na mwaka 1979 watengenezaji wa filamu ya Star Wars walipiga picha hapo za sayari ya barafu. Lakini abiria waliobadilisha historia ya mahali pale ni makarani na walimu walioshuka na watoto wao na kurudi wakiwa wameungua nyuso kwa jua.

Kwa nini Pasaka, na si Krismasi? Krismasi ni giza. Mwezi Machi na Aprili jua limerudi, mchana ni mrefu, na theluji ya mlimani bado ina kina cha mita kadhaa. Tena Norwei ina sikukuu tatu za mapumziko kwa mpigo: Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Ukiongeza siku tatu za mwanzo wa wiki na wikendi mbili, umepata siku kumi. Hata desturi yao ya kusoma hadithi za upelelezi wakati wa Pasaka ilizaliwa kwenye reli hiyohiyo: mwaka 1923 Nordahl Grieg na Nils Lie waliandika riwaya ya uporaji wa treni ya Bergen, na tangazo lake gazetini likawekwa kama habari ya kweli. Watu wengi walishtuka.

Hata hivyo mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na siku kumi za kuchezea. Sheria ya mwaka 1936 ilimpa siku tisa za likizo yenye malipo, na ile ya 1947 ikampa wiki tatu. Kisha mwaka 1957 bunge likapitisha sheria ya maisha ya nje, ambayo nadhani ndiyo msingi wa kila kitu. Inasema mtu yeyote anaweza kupita kwenye ardhi isiyolimwa, iwe ya nani, bila kuomba ruhusa wala kulipa. Anaweza kupiga hema mradi awe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na kulala hapo siku mbili. Hata shamba la mtu linafunguka likishafunikwa na theluji au ardhi ikishaganda, isipokuwa kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Oktoba. Theluji, kwa maneno mengine, hufuta uzio. Kwa msomaji anayejua bei ya kuingia hifadhini Kilimanjaro, sheria hiyo inatia wivu.

Baada ya hapo milima ikajaa, na pamoja na wazoefu wakaja wasiojua. Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walipoteza maisha milimani. Nchi nzima ilishtuka. DNT na Msalaba Mwekundu wakatoa kanuni tisa za mlimani, na miongoni mwa waliohusika nazo alikuwa Claus Helberg.

Huyu Helberg anastahili kusimuliwa. Alizaliwa Rjukan mwaka 1919. Oktoba 1942, Norwei ikiwa imekaliwa na Wajerumani, yeye na wenzake watatu walishushwa kwa miavuli juu ya uwanda wa Hardangervidda kuandaa hujuma dhidi ya kiwanda cha maji mazito cha Vemork. Hali ya hewa iliwazuia wenzao kuja, wakabaki kibandani miezi ya baridi kali, njaa ikiwabana. Karibu na Krismasi walimpata kulungu, wakala kila kitu, pamoja na kuvumwani iliyokuwa tumboni mwake, maana hiyo ndiyo iliyokuwa mboga. Hujuma ilifanyika Februari 1943. Vita vilipokwisha, Helberg akawa kiongozi wa matembezi wa DNT, akiwapeleka watu wa kawaida kwenye uwanda uleule.

Mtu wa aina hiyo ungetegemea aandike kanuni za ushujaa. Kanuni zile zilikuwa za woga wenye akili: usianze safari ndefu bila mazoezi, waambie watu unakwenda wapi, heshimu hali ya hewa, wasikilize wazoefu, beba ramani na dira, usiende peke yako. Ya nane ndiyo iliyoingia katika usemi wa kila siku: geuka mapema, kugeuka si aibu. Sisi tungesema heri nusu shari kuliko shari kamili. Anayepanda na watoto huihitaji kuliko yeyote, kwa sababu mtu mzima anayetembea hupata joto, ilhali mtoto aliyelala kwenye sleji hatembei; anaganda taratibu huku baba akitokwa jasho. Ndiyo maana wazoefu husimama kila mara, huvua glavu na kuingiza mkono nyuma ya shingo ya mtoto. Shingo ikiwa baridi, safari imekwisha.

Ya tisa ilisema: tunza nguvu zako, na ikibidi jichimbie thelujini. Kuchimba pango la theluji ni kazi ya saa kadhaa, na kuna mpango wake. Unatafuta mlundo mrefu uliogandamizwa na upepo. Unaanza na mlango wa chini, kisha unapanda juu kuchonga kitanda, kwa sababu hewa baridi ni nzito na itateremka na kutokea mlangoni. Dari linalainishwa kwa mkono liwe kama kuba, la sivyo kila donge linalojitokeza litadondosha matone usoni usiku kucha. Tundu linatobolewa juu kwa fimbo ya ski ili kupitisha hewa. Koleo linalala ndani pamoja na watu, maana upepo unaweza kuziba mlango kabla ya alfajiri. Mshumaa unawashwa: unaangaza, na ukianza kufifia unaonya kuwa hewa imepungua. Nje inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ikabaki karibu na sifuri. Watoto hulipenda pango hilo kuliko hoteli yoyote. Wazazi hulala jicho moja.

Jinsi kanuni zilivyoenezwa nako kuna hila yake. Mwaka 1937 kampuni ya Freia ya Oslo ilitoa chokoleti ya Kvikk Lunsj, ya mistari myekundu, ya njano na ya kijani, iliyokuwa tayari ndani ya kila shanta. Kanuni zikachapishwa ndani ya karatasi yake. Mtoto aliyekuwa akijifunza kusoma alizisoma akitafuna, akazikariri kabla hajaelewa dira ni nini.

DNT, kwa upande wake, ina vibanda zaidi ya 500. Vingi havina mhudumu. Mwanachama ana ufunguo mmoja unaofungua karibu vyote, anakuta kuni, blanketi na stoo ya vyakula vya kopo, anaandika alichotumia na kulipa mwenyewe. Hakuna anayemlinda. Kabla ya msimu, watu wa kujitolea hupita wakichomeka vijiti vya mti thelujini kuonyesha njia, ili ukungu ukishuka familia ihesabu kijiti hadi kijiti mpaka mlangoni.

Miongoni mwa wanaoanza leo wamo watoto wa wakimbizi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, ambao shule huwatoa siku ya ski kama wenzao. Seti ya ski na nguo za sufu ni ghali, na kila mwaka mtoto hukua zikawa hazimtoshi. Siku hizi zipo stoo za kuazima vifaa bure katika wilaya nyingi, na hizo zimefanya kazi kubwa kuliko hotuba zozote kuhusu kuwakaribisha wageni.

Mwaka 2016 kanuni ziliandikwa upya. Maporomoko ya theluji sasa yametajwa waziwazi, kwa sababu watu wanapanda miteremko mikali kuliko zamani. Agizo la kujichimbia limelegezwa kuwa kutafuta hifadhi. Ile ya kutokwenda peke yako imeondolewa kabisa, kwa kuwa wengi wanakwenda peke yao hata wakikatazwa. Ningekuwa kwenye kamati ile ningepiga kura ibaki. Ya nane haikuguswa, na namba yake ni ileile.