Kipimo cha Insulini na Neno Lililokataliwa

Anayepimwa kisukari Sumbawanga huchomwa kidole, kijiti kikafyonza tone la damu, na namba ikatokea kabla hajamaliza kujifuta. Namba hiyo ni ya sukari. Insulini, homoni ya kongosho inayoiruhusu sukari iingie kwenye chembe za mwili, haimo katika jibu hilo. Njia ya kuipima yenyewe ilianzia kwenye makala ya kisayansi ya mwaka 1956, ambayo nusura isichapishwe.



Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921. Miaka thelathini baadaye, katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, mwanafizikia Rosalyn Yalow, aliyeanzishia maabara yake kwenye stoo ya mfagizi, na daktari Solomon Berson waliitia insulini alama ya mionzi na kuifuatilia mwilini. Kwa waliokwisha kuchomwa insulini, ilikawia kwenye damu. Wakasema: mwili umeitengenezea kingamwili. Wakubwa wa fani wakakataa katakata, kwani waliamini insulini ni ndogo mno kuuchokoza mwili kiasi hicho. Jarida la Science likaikataa makala. Jarida la pili nalo likakataa, kisha likalegeza kamba kwa sharti: kichwa cha habari kisitaje kingamwili, kiseme tu protini inayoshika insulini. Wakakubali. Lakini Yalow aliitunza barua ya kukataliwa, na mwaka 1977, alipopewa Nobel, akaionyesha kwenye mhadhara wake. Berson alikuwa amefariki 1972.

Ugunduzi wa kingamwili hizo ndio uliozaa kipimo cha insulini, kilichokamilika kufikia 1960. Fikiria Hiace ya Laela: insulini ya mgonjwa na ile yenye alama hugombea viti vilevile vya kingamwili. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, yenye alama hubaki stendi. Hiyo ndiyo inayohesabiwa.

Hapa Tanzania, utafiti mkubwa wa vijijini wa 1989 ulipima sukari kwa watu zaidi ya 6,000. Wenye kisukari hawakufika 1 kati ya 100. Baadaye watafiti wa Mwanza walipima na insulini, wakaona kwamba kongosho kutoa homoni pungufu kuna mchango mkubwa katika kisukari. Inasikitisha kwamba swali la kongosho linatoa insulini kiasi gani bado ni la watafiti kuliko la kliniki.

Kimaabara kuna sababu. Chembe nyekundu zikipasuka, hutoa kimeng'enya kinachoila insulini, na jibu hushuka kwa uongo. Damu inatakiwa izungushwe na kupozwa mapema, si isafirishwe nzima hadi Mbeya kupitia Tunduma. C-peptaidi, kipande kinachokatwa wakati kongosho linatengeneza insulini, huvumilia zaidi. Tena haimo kwenye insulini ya sindano, hivyo daktari akiikuta kwa anayejichoma kila siku, anajua imetoka kwenye kongosho lake mwenyewe.