Mpelelezi Asiye na Kirungu: Wasomaji Wetu na Riwaya za Upelelezi

Vudee, katika milima ya Upare ya Kusini, maji ya kumwagilia hukusanywa usiku kwenye ndiva, yaani bwawa dogo, na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Mwenye zamu akikuta maji yamepungua, si lazima ateremke Same kutafuta polisi. Kwanza wataulizana wenyewe: nani alionekana mferejini jioni, shamba la nani limelowa siku isiyo yake, nani ana kinyongo na nani. Msomaji aliyekulia katika maulizo ya namna hii hastaajabu kukuta kwamba shujaa wa kwanza wa riwaya za upelelezi za Kiswahili hakuwa askari.

Shujaa huyo ni Bwana Msa, mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na vingine kadhaa, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Katika kitabu cha kwanza, tajiri mmoja anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wangekuwa wepesi kusema kwamba wafu wamemchukua mtu wao. Bwana Msa haukejeli mzimu, lakini haukubali kuwa shahidi. Anahoji walio hai.

Jambo hilo lina uzito wake Upareni. Koo za Wapare zilikuwa na mpungi, misitu ya matambiko, na mafuvu ya wahenga yalitunzwa kwa heshima. Mmisionari J. J. Dannholz, aliyeishi Mbaga enzi ya Wajerumani, aliandika kitabu kizima kuhusu imani hizo, kikachapwa Leipzig mwaka 1916. Yeye aliziona kama kifungo. Abdulla alipita njia nyingine. Msomaji wake aweza kuheshimu mahali pa wazee na bado akataka kujua ni mkono wa nani ulioshika silaha.

Hata hivyo, Bwana Msa hakupokewa bila lawama. Wahakiki walimwona Sherlock Holmes aliyevikwa nguo za Unguja: kiko kilekile, na rafiki yake Najum katika nafasi ya Watson. Ufanano huo hauna ubishi. Wengine walimtetea kwa lugha yake, kwa maana Kiswahili chake cha Unguja kimejaa mafumbo na mizaha, na mara nyingi fumbo hufumbuliwa kwa kuwajua watu, nani ni mtoto wa nani, kuliko kwa kupima majivu ya sigara. Siri zake nyingi ni siri za nasaba na ndoa, na kwetu hizo ndizo siri nzito.

Bara kulikuja ladha nyingine. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, mwaka 1965, ilimweka mbele Inspekta Wingo, askari kamili, na mwendo wake ulikuwa wa kasi ya mjini. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Gamba ni jasusi wa serikali, na adui zake ni maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Waliomlaumu walimwita James Bond mweusi, wakahesabu warembo na chupa. Waliompenda walimwona kijana wa Kitanzania aingiaye Nairobi na Kinshasa bila kumwogopa mtu. Ben Mtobwa naye, katika Tutarudi na Roho Zetu? na vitabu vingine, alimpa Joram Kiango uhuru zaidi: hana cheo wala kamanda, na yuko na Nuru, mwanamke ambaye hakuwekwa hapo awe pambo tu.

Vyuoni vitabu hivi vikaitwa fasihi pendwa, na katika miaka ya sabini na themanini, siasa ya Ujamaa ilipotaka fasihi ielimishe, pendwa ilikuwa karibu na tusi. Wasomaji hawakusubiri ruhusa. Hukumu yao yaonekana katika vitabu vilivyopokezanwa hadi majalada yakang'oka, na katika jina la Gamba, linalojulikana hata na watu wasioweza kumtaja mhakiki mmoja.

Ila hukumu hiyo haijaandikwa ipasavyo. Tuna tasnifu kuhusu waandishi; kuhusu wasomaji tuna machache. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alionyesha katika A Political History of the Pare, kitabu cha mwaka 1969, kwamba masimulizi ya wazee wa koo ni ushahidi wa historia ukiyapima vizuri. Kazi kama hiyo inawezekana kwa riwaya. Walimu wastaafu waliosoma Simu ya Kifo wakiwa vijana bado wapo milimani na mijini. Waulizwe walimwamini nani, Msa, Wingo, Gamba au Kiango, na kwa nini. Majibu yao yatatueleza jinsi kizazi kile kilivyomwona askari, serikali na jirani, na hayo hayamo katika faili la ofisi yoyote.