Neno Refu Mbele ya Msomaji: Maandishi ya Kiswahili na Wasomaji wa Kitale na Bungoma

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo sarufi zetu zimelipitia kwa haraka, yaani namna neno lenye viambishi vingi linavyosomwa na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha, na namna linavyosomwa na yule aliyeijia lugha hiyo baadaye. Jinsi neno kama hawakumwandikia linavyojengwa tumeelezwa vya kutosha. Yanayotokea katika akili ya msomaji neno hilo linapojitokeza kwenye ukurasa hatukuelezwa. Suala hili tutalitazama kwa njia ya historia, na tutaliweka magharibi ya Kenya: Kipsongo, mtaa wa mji wa Kitale unaojulikana kwa wakazi wake wengi wenye asili ya Turkana, na Bungoma, nyumbani kwa Wabukusu. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu watu wa lugha mbili zisizo na nasaba hukutana huko katika kitabu kimoja cha Kiswahili, na wote huitwa kwa jina moja: wasomaji wa lugha ya pili. Hoja yetu ni kwamba jina hilo linaficha zaidi ya linavyoonyesha.

Kabla ya kufika Kitale yafaa tukumbuke kwamba Waswahili wenyewe walikwisha kutoa ushahidi juu ya jambo hili karne nyingi kabla ya maabara. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na huko sauti ki si kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi. Wenyeji wa pwani walipolipokea walilikata mahali ambapo masikio yao yalizoea kukata, wakapata ki-tabu, na wingi wake ukawa vitabu. Hivi karibuni zaidi wenye magari wamelifanyia jambo hilo hilo neno la Kiingereza la mzunguko wa barabara, wakapata kiplefti na wingi wake vipilefti. Watu wasioyagawa maneno wanapoyasikia wasingeweza kufanya hivyo. Mgawanyo huu si kazi ya mwanasarufi anayekaa na kalamu. Ni tabia ya msemaji, naye huifanya hata pale isipostahili.

Hati za Kiarabu zilizotumika pwani zilimtegemea sana msemaji wa namna hiyo. Herufi moja iliweza kubeba sauti zaidi ya moja, na mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa, hivyo msomaji alilazimika kulijua neno ndipo aweze kulisoma. Kwa mtu wa Lamu au Mombasa hilo halikuwa tatizo kubwa. Hati za Kirumi za wamisionari, tangu Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Steere aliyetoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja 1870, zilileta usahihi wa sauti, lakini zilizua swali jipya: neno liishie wapi? Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi 1930 baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua lahaja ya Unguja, iliimarisha maandishi ambamo kitenzi huandikwa pamoja na viambishi vyake vyote.

Wengi wetu tunadhani hivyo ndivyo Kibantu kinavyopaswa kuandikwa. Sivyo. Maana ile ile ya hawakumwandikia huandikwa abambhalelanga kwa Kizulu, neno moja. Lakini kwa Kitswana huandikwa ga ba a mo kwalela, maneno matano. Clement Doke, aliyeyashughulikia sana mambo haya Kusini mwa Afrika katika miaka ya 1930, alishikilia kwamba neno la Kibantu hujulikana kwa mkazo wake mkuu mmoja, kwa hiyo liandikwe pamoja. Kiswahili kilifuata njia hiyo katika vitenzi, ila katika kihusishi cha umilikaji kikaacha nafasi: tunaandika kitabu cha mtoto, ambapo Mzulu angeunganisha cha na mtoto. Kwa hiyo mipaka ya neno letu la maandishi ni uamuzi wa kihistoria, na kila uamuzi wa namna hiyo humpunguzia msomaji mmoja mzigo na kumwongezea mwingine.

Kamusi nazo zilikuwa na dhana yao juu ya msomaji. Katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa 1939 chini ya Frederick Johnson, maneno yaliyonyambuliwa kwa kawaida hufafanuliwa chini ya kitenzi chake. Anayetafuta maana ya mwandishi hupelekwa kwenye andika. Mpangilio huo ni mzuri kwa mwenye kuuona mzizi kwa mtazamo mmoja. Asiyeuona hupaswa kulimenya neno kwanza ndipo apewe kamusi ya kumsaidia kulimenya! Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 ilizipa nomino za aina hiyo mahali pake zenyewe, na kwa maoni yetu huo ulikuwa ukarimu mkubwa kwa watu wa bara kuliko ulivyotambuliwa wakati ule.

Wanasaikolojia walilifikia suala hili kwa njia nyingine. Mwaka 1975 Taft na Forster walionyesha, kwa kutumia Kiingereza, kwamba msomaji huelekea kukiondoa kiambishi awali na kulitafuta neno kwa shina lake. Mwaka 1989 Hankamer, akitazama Kituruki, alitoa hoja kwamba lugha yenye maumbo mengi kiasi hicho haiwezi kuwekwa akilini kama orodha ya maneno mazima. Hoja hiyo yafaa kabisa kwa Kiswahili. Baadaye Silva na Clahsen, mwaka 2008, walilinganisha wazawa wa Kiingereza na watu waliojifunza, miongoni mwao Wachina na Wajerumani. Neno lenye kiambishi lilipomulikwa kwa kitambo kidogo mno kabla ya shina lake, mzawa alilitambua shina upesi zaidi. Aliyejifunza hakupata msaada huo katika vitenzi vya wakati uliopita, na katika nomino zilizonyambuliwa aliupata kwa uchache. Wengine hawakukubali: Diependaele na wenzake, 2011, waliona makundi yote mawili yakienda njia moja. Kuhusu Kibantu, Ciaccio, Kgolo na Clahsen walichapisha 2020 uchunguzi wa wazawa wa Kitswana, wakaona kwamba maneno yenye viambishi awali hugawanywa mapema sana katika kusoma, yawe ya unyambulishaji au ya uambishaji wa kisarufi. Mwenye kukumbuka vitabu na vipilefti hatashangaa.

Katika mjadala huo wote, aliyejifunza lugha hulinganishwa na mzawa kana kwamba alikuja mikono mitupu. Tumtazame basi msomaji wa Bungoma. Lugha yake ina omundu na babandu, ina khusoma na basoma. Mahali pa ki- na vi- anazo si- na bi-. Mtendewa ana mahali pake kabla ya mzizi, na kauli ya kutendea ina mahali pake baada yake. Tuchukue neno alimlimia. Mgeni wa Kibantu atababaishwa na li mbili, moja ya wakati na nyingine ya mzizi. Mbukusu anao khulima na khulimila, hivyo mifupa ya neno ni ile ile ya kwao. Anachopaswa kuzoea ni kwamba Kiswahili kiliidondosha l ya kauli ya kutendea, ambayo Lubukusu imeihifadhi tangu zamani. Kwa maana hiyo maandishi ya 1930 yalimpendelea mtu ambaye hayakumkusudia.

Mturkana wa Kipsongo hayumo katika hali hiyo, wala si kweli kwamba lugha yake haina maneno changamano. Kiturkana, ambacho Dimmendaal alikieleza kwa kina 1983, ni lugha ya Kinailoti cha Mashariki yenye vitenzi vilivyosheheni viambishi. Umoja na wingi wa nomino huonyeshwa mwanzoni mwa neno: aberu ni mwanamke, ngaberu ni wanawake. Kipo hata kiambishi tamati -akin cha yule anayefanyiwa jambo. Lakini kauli ya kusababisha, ambayo Kiswahili huiweka mwishoni mwa mzizi, Kiturkana huiweka mbele yake. Mtenda hufuata kitenzi, wala hakitangulii. Na upatanisho wa ngeli, ambao kwa Mbantu ni kama uzi upitao katika sentensi nzima, haumo katika kitenzi chake. Msomaji huyu anajua kumenya neno. Shida ni kwamba kisu chake kimezoea kuanza upande mwingine.

Yapo pia mambo yasiyotokana na lugha ya mama. Reli ilipofika Kitale 1926, mashamba ya walowezi ya Trans-Nzoia yalikwisha kuwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili walichoamrishwa nacho ndicho kile kilichopewa jina la Kisetla, ambacho kitenzi chake kilivuliwa karibu kila kiambishi. Kiswahili cha bara kilikua kikapita hapo, lakini tabia ya kulitawanya neno refu imebaki. Pale kitabu cha shule kinapoandika kitabu nilichokinunua, mazungumzo husema kitabu yenye nilinunua. Aliyeniambia huwa mwenye aliniambia. Tusilicheke jambo hili. Msemaji ameyagawa maumbo yale yale na kuyapa nafasi baina yake, karibu kama Kitswana kinavyofanya katika maandishi. Tokeo lake ni kwamba kwa kijana wa Kitale, awe wa Kipsongo au wa mashambani, nilichokinunua ni neno la macho zaidi kuliko la masikio. Mzawa wa pwani alilisikia likiwa na mkazo wake mmoja kabla hajaliona.

Mambo haya yasingekuwa na uzito mkubwa kama si shule. Tume ya Mackay ya 1981 ilipendekeza Kiswahili kiwe cha lazima, na tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, karatasi ya Kiswahili ilikuwa sehemu ya alama zilizoamua mtoto aende shule gani ya sekondari. Katika miaka ya karibuni umeongezeka mtindo wa kupima usomaji kwa idadi ya maneno yasomwayo kwa dakika. Kipimo hicho kilizaliwa katika lugha ya maneno mafupi. Mtoto asomaye hawakumwandikia amehesabiwa neno moja; maana hiyo kwa Kiingereza ingemhesabia sita. Anayelinganisha tarakimu hizo bila kurekebisha urefu wa neno amepima nafasi zilizoachwa na mpiga chapa. Bungoma ilikuwa mojawapo ya sehemu ambapo ufundishaji wa kusoma kwa lugha ya mama ulijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi, kwa Lubukusu, huku Kikamba kikijaribiwa Machakos, na matokeo yakachapishwa 2016. Kipsongo haikuwa na nafasi ya aina hiyo, kwa kuwa shule ya mjini huchukua Kiswahili kuwa lugha ya wote.

Uchunguzi tunaoupendekeza hauhitaji mitambo ya gharama. Makundi matatu yangetosha: wazawa wa pwani, Wabukusu na Waturkana, wote wa darasa moja. Wapewe maneno ya namna tatu: kama alimlimia, ambalo mifupa yake ni ya Kibantu chote; kama nilichokinunua, ambalo bara huliona zaidi kuliko kulisikia; na kama hatari, linaloanza mithili ya hatasoma ilhali halina kiambishi chochote. Katika namna ya kwanza tungetarajia Mbukusu awe karibu na mzawa kuliko alivyo karibu na Mturkana. Katika namna ya pili tungetarajia Mbukusu na Mturkana wasimame pamoja, mzawa akiwa peke yake. Na katika neno hatari, anayeweza kuchelewa zaidi ni mzawa mwenyewe.