Uzi wa Kupimia Dunia

Nilipokuwa nikifundisha Jiografia, niliwapa wanafunzi tufe na uzi. Waliunyoosha uzi kutoka Dar es Salaam hadi London, wakapata kilometa zipatazo 7,500. Niliwaambia kuwa jibu hilo halitabadilika hata wakizeeka. Kinachobadilika ni saa.

Historia yathibitisha hivyo. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza. Mwaka 1932 njia hiyo ilifika Cape Town, ndege zikitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Safari nzima ilichukua siku zipatazo kumi na moja, maana usiku abiria walilala, na sehemu ya Ulaya walipanda garimoshi. Ndege zile hazikufuata uzi wa mwalimu. Zilifuata Mto Nile na maziwa, zikienda kituo kwa kituo kutafuta mafuta. Mwaka 1937 zikaja ndege za majini, zikatua bandarini Dar es Salaam. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet iliondoka London, ikafika Johannesburg kwa saa zisizotimia 24, ingawa ilitua njiani mara tano. Baadaye ndege zilizoruka moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na London zilitumia saa kumi hivi.

Lakini msomaji, sisi wa Misima hatukai uwanja wa ndege. Safari yetu huanza mlangoni na kuishia mlangoni. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65 tu, na kabla ya kutiwa lami, masika yaliweza kumla msafiri siku nzima humo.

Dada yangu alifariki alfajiri. Mwanawe alikuwa London. Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti, na baada ya sala ya alasiri tulimzika. Kijana alipata ndege usiku ule, akabadili nyingine njiani, kisha akapanda basi. Alifika siku ya tatu, udongo umeshaanza kukauka.

Pale msibani nilisikia watu wakinong'ona: "Siku hizi kuna ndege, mbona hakuwahi?" Neno hilo lilinichoma. Zamani kijana wetu aliyekuwa akikata mkonge mbali na kwao aliweza kupata habari arobaini imekwisha pita. Alilia, akapewa pole, wala hakuna aliyemlaumu, kwani umbali wenyewe ulimtetea. Ndege imempunguzia msafiri saa, ikamnyang'anya na udhuru wake.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kuwa mwenye fimbo hiyo ana makosa. Basi, anayetaka kumlaumu mtoto wa mwenzake na apime kwanza uzi wote, kutoka mlango hadi mlango, na saa za kaburi pia azihesabu.