Nani Apange Maonyesho? Wahitimu, Makumbusho na Uamuzi wa Watazamaji Usukumani

Historia ya maonyesho ya sanaa Afrika Mashariki huanzishwa mara nyingi na Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Aliyechora hakuwa aliyechagua. Hali ilibadilika wahitimu wenyewe waliposhika upangaji. Mwaka 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mhitimu wa Makerere, alianzisha pamoja na wenzake ukumbi wa Paa ya Paa jijini Nairobi.

Insha hii inadai kuwa masimulizi hayo, ingawa ni ya kweli, hayatoshelezi Usukuma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo huvinasibisha na waganga mahasimu Ngika na Gumha, vilikuwa na utaratibu wake wa maonyesho. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni lile linalovuta watu wengi zaidi. Ndiyo sababu wachezaji walileta uwanjani nyoka hai na sanamu za mbao. Mtazamaji aliamua kwa miguu yake.

Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement huko Kisesa karibu na Mwanza, yamezikusanya historia mbili: ngoma za watemi, ambao utawala wao ulifutwa mwaka 1963, na vifaa vya Bagika na Bagalu. Ndani ya banda, kifaa kina maelezo. Katika sherehe ya Bulabo, kina mpinzani.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kupanga maonyesho Shinyanga au Geita. Akifika Samuye na kanuni za ukumbi peke yake, atawageuza wanakijiji kuwa wasomaji wa vibandiko, ilhali mapokeo yao yanawatambua kuwa waamuzi. Hata hivyo, umati hauhifadhi: hushangilia cha leo na kukiacha cha jana. Bila Bujora, vifaa vingi visingekuwa na pa kukaa baada ya shangwe kwisha.

Kwa hiyo, hoja si kuchagua kati ya banda na uwanja. Mpangaji msomi ana wajibu wa kutunza na kueleza; hukumu ya ubora, kwa mujibu wa historia ya Usukuma, haikuwahi kuwa yake peke yake.