Telefónica: Jumba la simu lililostahimili makombora

JUMBA la Telefónica katika barabara ya Gran Vía jijini Madrid, Uhispania, lilijengwa liwe makao ya mitambo ya simu, lakini likaishia kuwa shabaha ya mizinga.

Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1926 na kukamilika mwaka wa 1929. Lina urefu wa karibu mita 89, na lilipokamilika lilihesabiwa miongoni mwa majengo marefu zaidi barani Ulaya. Jijini Madrid halikupitwa hadi mwaka wa 1953, jumba la Edificio España lilipokamilika.

Lilimilikiwa na kampuni ya kitaifa ya simu iliyoundwa mwaka wa 1924 kwa mtaji wa shirika la ITT la Marekani. Usanifu ulikabidhiwa Ignacio de Cárdenas, Mhispania ambaye hakuwa amefikisha umri wa miaka 30. Alitumwa New York kujifunza jinsi majumba ya orofa nyingi yanavyojengwa.

Mifupa ya chuma

Kituo cha kuunganishia simu cha enzi hizo kilifanana na kiwanda kuliko ofisi. Kila mazungumzo yalipitia vifaa vilivyosogezwa kwa nguvu za umeme, vikiwa vimepangwa safu kwa safu kwenye fremu ndefu za chuma. Uzito wake ulihitaji sakafu imara, na kimo chake kilihitaji dari za juu. Nyaya nazo, zilizoingia kutoka chini ya barabara, zilihitaji njia za kupandia hadi orofa za juu.

Kwa sababu hiyo, uzito wote ulibebwa na kiunzi cha chuma. Kuta za nje zikawa kama vazi tu.

Vazi hilo lilishonwa kwa mtindo wa wenyeji. Ingawa umbo la jumba, linalopungua upana kadiri linavyopanda, lilitoka New York, lango lake kuu lina nakshi za kibaroko zinazokumbusha kazi za Pedro de Ribera, msanifu wa Madrid wa karne ya 18. Sehemu kubwa ya kuta iliachwa bila mapambo.

Wakati wa vita

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka wa 1936. Mnamo Novemba, majeshi ya Jenerali Francisco Franco yalifika Casa de Campo, magharibi mwa jiji. Watetezi wa Madrid waliutumia mnara wa jumba hilo kuchungulia nyendo za adui, naye adui akaulenga kwa mizinga. Humo humo ndimo wanahabari wa kigeni walimosomea taarifa zao kwa simu, baada ya kukaguliwa na maafisa wa serikali. Raia waliohofia makombora walijihifadhi katika orofa za chini ya ardhi.

Kuta zilitobolewa mara nyingi, lakini kwa kuwa si zilizobeba uzito, jumba halikuporomoka.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1939 kwa ushindi wa Franco, Cárdenas, aliyeunga mkono upande ulioshindwa, alikuwa mkimbizi nchini Ufaransa.

Jumba lilikarabatiwa na kuendelea kutumika. Tangu mwaka wa 2012, sehemu yake imekuwa ukumbi wa maonyesho ulio wazi kwa umma.