Jinsi chipukizi wa futiboli ya Kimarekani anavyofunzwa kumkinga kwotabeki

MTAZAMAJI aliyezoea raga, akitazama futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza, hushangazwa na wanaume watano wa miraba minne wanaosimama mstari wa mbele. Isipokuwa senta anayeuanzisha mchezo, ni nadra kwao kuugusa mpira. Hata hivyo, wanaruhusiwa kumzuia mpinzani ambaye hana mpira. Katika raga hilo ni kosa. Katika mchezo huu ndiyo kazi yenyewe.

Watano hao ni senta, magadi wawili walio ubavuni mwake na wazuiaji wawili wa pembeni. Wana majukumu mawili: kumfungulia njia mkimbiaji, na kumkinga kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha mpira, hadi ampate mwenzake wa kumrushia. Jukumu hili la pili ndilo linalomtoa jasho kijana anayeingia chuo kikuu.

Sababu haiko mbali. Anapomfungulia mkimbiaji njia, mzuiaji huenda mbele, tena anajua anakokwenda. Anapomkinga kwotabeki hurudi kinyumenyume huku akimkabili mtu mwepesi kumliko, ambaye ndiye anayechagua njia. Aghalabu kijana huyu alikuwa mkubwa kuliko wote katika shule yake ya upili na aliwashinda wapinzani kwa uzani tu. Chuoni anakutana na wanaume wenye uzani kama wake, waliomzidi miaka mitatu na mbio.

Gharama ya kushindwa si pointi pekee. Mnamo Novemba 1985 mguu wa Joe Theismann, kwotabeki wa Washington, ulivunjika alipoangushwa na Lawrence Taylor wa New York Giants, na hakucheza tena. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa upande wa kushoto mgongo anapojiandaa kurusha, ndiyo maana mzuiaji wa pembeni kushoto amekuwa miongoni mwa wachezaji wanaotafutwa sana.

Makocha wengi huanza na miguu. Kijana hufunzwa kusimama miguu ikiwa imepanuka kupita kidogo upana wa mabega, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka. Mpira unapoanzishwa, mguu wa nje hurudi nyuma na wa ndani huufuata kwa hatua fupi za chini chini, bila miguu kugusana wala kupishana. Mwili wake unapaswa kubaki kati ya mvamizi na kwotabeki wakati wote, huku upande wa ndani ukilindwa kwanza. Njia ya ndani ndiyo fupi zaidi. Anayelazimishwa kuzunguka nje hupoteza muda, na muda ndio bidhaa anayoiuza mzuiaji.

Kosa linalojirudia kwa wageni ni kugeuza nyonga mapema kuelekea ukingo wa uwanja kwa hofu ya kupitwa. Mara anapogeuka, mlango wa ndani umefunguka. Tiba yake ni zoezi la kioo: kijana hufunga mikono nyuma na kumfuata mwenzake kulia na kushoto kwa miguu pekee. Zoezi hilo linachosha na halina cha kupendeza, lakini huanika upungufu ambao mikono yenye nguvu huuficha.

Kisha huja mikono. Mwaka 1978 ligi ya kulipwa ya NFL ilibadilisha kanuni na kuwaruhusu wazuiaji kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomkinga kwotabeki. Tangu hapo ufundi huu umekuwa kama ndondi. Mzuiaji hulenga kifua cha mvamizi, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Akirusha mikono yote miwili kwa pamoja, mvamizi stadi huifagia kwa pigo moja na kupita. Hivyo wengi hufunzwa kuitumia mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya makocha humpa kijana mipira ya tenisi aishike viganjani wakati wa mazoezi, azoee kupiga badala ya kung'ang'ania jezi. Kumshika mpinzani kinyume cha kanuni huigharimu timu yadi 10.

Mvamizi asiyetaka kuzunguka humsukuma mzuiaji moja kwa moja hadi mapajani mwa kwotabeki. Hapa uzani husaidia, lakini anayesimama wima atasukumwa hata awe na kilo 150. Dawa ni kushusha nyonga na kuchimba visigino. Ndiyo maana ulaini wa vifundo vya miguu na nyonga una thamani sawa na vyuma vinavyoinuliwa, na anayenenepeshwa upesi mno hupoteza miguu aliyosajiliwa kwa ajili yake.

Uthibitisho ni kwamba baadhi ya wazuiaji bora hawakuanzia nafasi hiyo. Lane Johnson alikuwa kwotabeki katika chuo cha Kilgore, Texas, kabla ya kuhamia Oklahoma, alikojaribiwa nafasi nyingine ndipo akawa mzuiaji wa pembeni. Mwaka 2013 Philadelphia Eagles walimteua wa 4 kwa jumla. Joe Staley naye aliingia Central Michigan akiwa mpokeaji wa mipira, akatoka akiwa mzuiaji, na kuteuliwa wa 28 mwaka 2007.

Sehemu ngumu zaidi kufundisha ni macho. Wavamizi wawili hubadilishana njia ghafla, na chipukizi anayemfuata mtu wake hugongana na gadi wa timu yake huku mvamizi wa pili akipita bila kuguswa. Jambo hili haliwezi kufunzwa kwa mtu mmoja mmoja. Hurudiwa na wote watano, kwanza kwa mwendo wa kutembea. Ni haki basi kwamba tuzo ya Joe Moore, iliyoanzishwa 2015 na kutwaliwa kwanza na Alabama, hupewa mstari mzima wala si mchezaji mmoja.

Hata hivyo, mfumo wa vyuo una walakini. Timu nyingi hurusha mpira upesi sana, kiasi kwamba mzuiaji hulazimika kustahimili kwa muda mfupi tu. Mbinu hiyo hushinda mechi za Jumamosi, lakini humwacha kijana bila mazoezi ya kutosha ya kurudi nyuma kwa kina, ujuzi atakaodaiwa siku ya kwanza katika NFL. Kocha anayeweza kufutwa kazi kwa kushindwa ana sababu chache za kumfunza asichohitaji wiki hiyo.

Kanuni iliyopitishwa 2018 ilileta nafuu kiasi: mchezaji aliweza kushiriki hadi mechi 4 bila kuhesabiwa ametumia msimu. Chipukizi alionja uwanja, akarejea mazoezini. Baada ya kila mechi kocha huketi naye mbele ya video na kumpa alama kwa kila mchezo: hatua ya kwanza, mikono, na kama alimzuia mtu aliyestahili. Mvamizi anaweza kuwa ameteleza mwenyewe na kwotabeki akasalimika. Bado mzuiaji aliyepiga hatua mbaya huandikiwa sifuri.